Ndizi za Kwenda Namugongo

Wanaosema kustaafu ni kupumzika hawajawahi kukaa nyumba moja na mwanachama wa WAWATA, wale Wanawake Wakatoliki Tanzania, anayejiandaa kwenda kuhiji. Mimi nakaa naye hapa Kihonda, Morogoro, na wiki hii sijapumzika hata kwa bahati mbaya. Jumamosi alfajiri parokia inaondoka na basi la kukodi kwenda Uganda, tuiwahi misa ya tarehe 3 Juni pale Namugongo, Siku ya Mashahidi. Tangu tangazo lisomwe kanisani, sebule yetu imejaa mizigo na kuli ni mimi.

Nieleweke mapema: sina ugomvi na mashahidi. Ugomvi wangu ni jinsi mama watoto anavyowatumia. Ukilalamikia chochote wiki hii, unajibiwa na shahidi. Juzi nilisema chai haina sukari. "Wenzako walifungwa kwenye matete wakachomwa moto, wewe unalilia sukari, na daktari alishakukataza." Nikasema mgongo unauma kwa kubeba madumu ya maji. "Walitembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo wamefungwa, na hawakusema mgongo." Nikinuna tu, naletewa Kizito, yule mdogo kuliko wote, wa miaka kama 14, ambaye inasimuliwa alikwenda kwenye kuni anacheka. Mzee mwenye presha utamjibu nini mtoto wa miaka 14 aliyecheka mbele ya moto?

Na hayo madumu ni kesi yake peke yake. Huu mlima unaouona ukifungua dirisha, kuanzia Lupanga iliyoinamia mji mpaka Kimhandu kule nyuma yenye mita 2,630, kazi yake ni kukamata mawingu na kuyageuza maji. Mto Ruvu unatoka huko, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam inaoga na kupikia maji yake. Sisi tunaolala miguuni pa mlima ndio tunaosikiliza bomba likikohoa usiku. Mama watoto ameapa kwamba mjukuu atakayebaki nyumbani hatakuta tanki tupu, kwa hiyo bomba likikohoa saa nane za usiku, naamshwa nikaweke ndoo. Mji kasoro bahari, ndivyo tunavyojisifu. Mimi nikisimama pale uani na kandambili, natetemeka, naona kasoro zimeongezeka.

Makaratasi tulimaliza mapema, nashukuru. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa kila kichwa, na baada ya hapo kuna chanjo ya homa ya manjano, ambayo lazima ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Muuguzi alipoona mwaka wangu wa kuzaliwa alisita, maana kwa waliovuka miaka 60 chanjo ile haichomwi bila kuulizana maswali. Nilifurahi kimoyomoyo, nikajua nimepata cheti cha kubaki na kuku wangu. Wapi! Aliuliza dawa ninazokunywa, akaenda kushauriana na daktari, akarudi na sindano. Akanikabidhi kadi ya njano. Zamani kadi hiyo ilikuwa na muda wa miaka 10, lakini tangu 2016 ni ya maisha. Pasipoti itakwisha, meno yanakwisha, magoti hayana dhamana hata ya mwezi mmoja, ila homa ya manjano hainipati tena. Sijui nimshukuru nani.

Jambo la treni sitalisema sana kwa sababu kamati imeshaniona mkorofi. Nasema tu kwamba treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, stesheni yake iko hapa hapa Kihonda, honi yake naisikia nikiwa kitandani. Tungeweza kufika Dodoma tumenyoosha miguu, basi likatusubiri huko. Mhazini alinisikiliza, akaandika kitu kwenye daftari, akaniuliza kama nimelipa salio la vitenge.

Vitenge! Kila hija ina sare yake, na sare ya safari hii ina uso wa Mtakatifu Karoli Lwanga ndani ya duara, umerudiwa kitambaa kizima. Kwa kina mama ni gauni, hakuna shida. Kwa kina baba ni shati, na fundi cherehani, ambaye alitupiga kalenda mpaka juzi jioni, alikata kitambaa bila kuangalia uso unaangukia wapi. Wangu umeangukia tumboni. Nikisimama wima, Karoli Lwanga anatazama mbele kwa ujasiri. Nikikaa, shati linavutika, kifungo cha nne kinagawa uso wake katikati, jicho moja huku na jicho moja kule. Nikishiba, anavimba mashavu. Nilimwonyesha mama watoto mbele ya kioo, nikamwambia huku ni kumdhalilisha mtakatifu. Akalivuta shati chini, akapiga pasi kwa viganja vyake mwilini mwangu, akarudi nyuma hatua moja kuangalia. "Punguza kula," akasema.

Lakini yote hayo ni madogo ukilinganisha na ndizi.

Msomaji asiye wa huku aelewe kwanza kwamba kwa Waluguru ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama. Shamba letu la Matombo ni la ukoo wa mke wangu. Mimi kule ni mkwe mwenye jembe. Kaka yake, ambaye kwa wanangu ni mjomba na kwa hiyo neno lake lina uzito kuliko langu ndani ya nyumba niliyoijenga mimi, alipigiwa simu akaambiwa dada yake anasafiri. Hakuuliza anasafiri kwenda wapi. Aliingia shambani na panga. Jumatano asubuhi nikaambiwa nikapokee mzigo Bigwa, umepanda gari la Kisaki.

Mzigo wenyewe ulikuwa kiroba cha magimbi, kifuko cha mdalasini na pilipili manga, na mkungu wa ndizi ambao kijana wa bodaboda aliuzunguka mara mbili huku ameshika kiuno. "Babu, shikamoo. Huu unakaa mbele au unakaa wewe mbele?" Mwishowe mkungu ulikaa katikati, mimi nyuma yake nimeukumbatia, kiroba miguuni, utomvu unanidondokea kwenye suruali ya kaki. Tukapita mjini hivyo hivyo, watu wananisalimia, na mimi siwezi kuinua mkono. Kila tuta nilikuwa naomba kwa Kizito.

Nilipofika nilisema moja tu. "Mama watoto, Uganda ni nchi ya matoke. Kupeleka ndizi Uganda ni kupeleka nazi Mafia."

"Zao ni za kupika," akanijibu, bila kuinua kichwa kwenye lile shangazi kaja alilokuwa anapanga. "Hizi ni za kuiva. Tena ni za njiani."

"Mkungu mzima, njiani?"

"Basi lina watu zaidi ya hamsini, baba. Na safari ni zaidi ya kilomita 1,400. Hesabu mwenyewe, si ulikuwa karani?"

Nilikuwa karani wa stoo, ndiyo, na kwa miaka yangu yote ya kazi hakuna mzigo ulioingia kwangu bila hati. Wiki hii inaingia tu. Mtaa ukishajua mtu anakwenda Kampala, kila nyumba inagundua ina ndugu Kampala. Jirani wa kulia ameleta mchele wa Ifakara, kilo tano, za mpwa wake. Nikamwuliza mpwa anakaa sehemu gani. "Ukifika stendi ulizia tu, anajulikana." Mama mmoja wa jumuiya ndogondogo kaleta bahasha nyembamba, akaninong'oneza ni siri, kisha akamweleza mama watoto siri yote kwa sauti ya kwaya. Pale kijiweni kwenye kahawa wazee wenzangu hawana ndugu Uganda lakini wana maagizo: mmoja anataka maji ya baraka, mwingine anataka nimwangalizie bei ya pikipiki. Huyu wa pili ni Mwislamu, angalau hajifanyi ananituma kusali kwa niaba yake. Ila yeye ndiye aliyenipa habari pekee ya maana, kwamba shilingi yetu ukiibadilisha mpakani unapata zaidi ya moja ya kwao. Kumwambia mama watoto habari hiyo sikupaswa kukawia wala kuwahi, nilipaswa kunyamaza kabisa, kwa sababu orodha ya zawadi ilirefuka pale pale mezani.

Mjukuu alifika jana kutoka chuoni, na begi lake la kompyuta na nguo chafu. Anasoma mambo ya mifugo, mwaka wa pili. Bibi yake alimtembeza nyumba nzima kama mtu anayekabidhi ofisi ya serikali: huyu jogoo asifunguliwe kabla ya saa moja kwa sababu anagombana na wa jirani, tetea mwenye manyoya shingoni analalia, asisumbuliwe, mchicha umwagiliwe jioni, mgeni akija apewe maji kwanza ndipo aulizwe shida, fundi wa paa akija aambiwe wenyewe hawapo, na asipewe hela hata akilia. Maagizo yameandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye friji. Kijana akauliza kuku wanakula gramu ngapi kwa siku. Nikamwambia wanakula mpaka waache. Akaniangalia kwa huruma ya kisomi.

Ndipo kikaja kikao cha mwisho cha kamati, ukumbini, jioni ya Alhamisi. Paroko alifungua kwa sala, akakumbusha kwamba Wakatoliki waliotangazwa watakatifu ni 22, na kwamba Papa Paulo VI aliwatangaza mwaka 1964. Akasimulia jinsi wale mapadri wa kwanza walivyotoka Bagamoyo kwa miguu mwaka 1878, wakafika Uganda Februari 1879. Nilikuwa nasinzia vizuri. Kisha akauliza: "Kuna yeyote hapa aliyewahi kufika Uganda, atuongoze?"

Mkono wangu ukainuka. Niliutazama kwa mshangao. Mama watoto ndiye aliyekuwa ameushika kwenye kiwiko.

"Mzee wangu alifika," akatangaza. "Alikaa miezi."

Ni kweli. Miaka mia moja baada ya wale mapadri, mwaka 1979, niliingia Uganda kupitia Mutukula. Sikuwa na pasipoti, sikuwa na kadi ya njano, na afisa uhamiaji alikuwa amekimbia. Nilikuwa kijana wa mgambo. Tulichukuliwa mwishoni mwa 1978 baada ya majeshi ya Amin kuvamia Kagera, na daraja la Kyaka tulilikuta limelipuliwa. Maandalizi yangu ya safari ile yalichukua muda wa kufunga kamba za buti. Hakuna aliyenipa ndizi. Bibi yangu marehemu alinipa kipande cha sabuni na akanikataza kulia.

Ukumbi ukanipigia makofi. Nikachaguliwa palepale kuwa kiongozi wa njia na mlinzi wa mizigo. Halafu yakaanza maswali. Katibu wa WAWATA akataka kujua Masaka kuna hoteli gani nzuri ya kupumzika. Nikasema Masaka niliyoiona ilikuwa imebaki kuta. Akaandika, "hoteli: hakuna." Mama wa kwaya akauliza kuhusu vyoo vya njiani. Nikamjibu tulikuwa tunachimba. Kijana mmoja akaniuliza kama Kampala ni mbali kutoka mpakani. Nikamwambia sisi ilituchukua kuanzia Januari mpaka tarehe 11 Aprili, lakini kulikuwa na vikwazo. Mwenyekiti akaniomba nijibu kwa ufupi.

Nilipotoka nje nikamwuliza mama watoto kwa nini amenifanyia vile mbele ya paroko. Hakuleta shahidi hata mmoja. Alinishika mkono tukashuka ngazi, akasema kwa miaka yote hii sijawahi kumsimulia ile safari, anajua tu kwamba kila ikifika Aprili nakuwa mtu wa kugombana na redio. Basi kama nitakuwa kiongozi wa njia nitalazimika kumwonyesha njia. Nikakosa la kulalamika mpaka tulipofika kwenye lango, nikakumbuka ndizi zimeanza kuiva na ni Alhamisi tu.

Leo jioni dereva alipita nyumbani kupima mizigo. Kijana mpole wa kutosha, hajafika hata miaka thelathini, anaendesha njia za Songea na Mbeya. Upande wa Kagera hajawahi. Aliuangalia mkungu, akauangalia mchele, akaliangalia shangazi kaja lililovimba mpaka zipu inacheka. Akavuta pumzi, akakubali chai. Alipomaliza kikombe cha pili akatoa simu yake, akafungua sehemu ya kuandika.

"Mzee, wameniambia kamati njia yote unaijua wewe. Mpaka Masaka nimeshaelewa. Baada ya hapo kuna sehemu wanaiita Lukaya, yenye kinamasi. Pale napitaje?"

Nikafikiri kidogo.

"Ukikaribia Lukaya," nikamwambia, "zima taa. Na mtu yeyote asikohoe."

Akaandika.