Kimuli, Jimbo la Marekani

Kompyuta ya AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, haijui kama iko Kimuli, Tanzania. Yenyewe inaamini iko Marekani, inaongea Kiingereza cha huko, inahesabu dola, na juma lake linaanza Jumapili. Sisi tunaoifuta vumbi kila asubuhi ni wageni tu tuliopita kusalimia.

Najua lilipoanzia. Siku fundi anapiga windo upya, skrini za mwanzo zinauliza: uko nchi gani, unataka lugha gani, kibodi ya aina gani? Jibu limeshawekewa alama tayari, Marekani, ili kukupunguzia kazi. Na fundi wetu ni kijana wa kukimbizana na umeme kabla haujakatika. Swali lolote analijibu kwa "Next". Nilimwambia, "Kijana, rudi nyuma hapo, chagua Tanzania." Akanijibu kwa upole wote, "Mzee wangu, hiyo haina shida, ni mapambo tu."

Mapambo! Msimu ulipofunguliwa, karani akaanza kuingiza mapokezi ya kahawa ya maganda: tarehe, jina, kilo. Anaandika tarehe kama tulivyofundishwa wote, siku kwanza, kisha mwezi. Mashine ya Kimarekani inaanza na mwezi. Kwa hiyo magunia ya tarehe 5 Juni, yaani 05/06, imeyasoma Mei 6, wakati ghala lilikuwa bado limefungwa. Ya tarehe 12 Juni imeyapeleka Desemba. Ubaya wake, kwenye skrini huoni kitu. Tarehe imekaa vilevile, kwa adabu. Ilipofika tarehe 13 ndipo ikagoma, maana hata Wamarekani hawana mwezi wa 13. Tarehe zote za kuanzia hapo hadi mwisho wa mwezi zikahamia kushoto mwa kisanduku, zikahesabiwa kuwa maandishi matupu, na zile za mwanzo zikabaki kulia. Karani akaona safu imependa kupinda, akazivuta zote katikati zipendeze. Siku ya kutoa jumla ya kila mwezi, ripoti ikaonyesha tumepokea kahawa Januari hadi Desemba bila kupumzika. Mjumbe mmoja wa bodi alipiga makofi.

Upande wa fedha, ukibonyeza kitufe cha sarafu inabandikwa alama ya dola. Mzee mmoja anayebishana nasi kwa kila gramu alipewa karatasi inayosema anatudai $ 900,000. Akatia sahihi papo hapo, hakuomba hata kupimiwa upya. Na hiyo karatasi ilitoka kwa taabu, kwani printa ilikuwa inamulika taa ikidai saizi ya Letter, fupi na pana kidogo kuliko A4, ambayo sijaiona kwenye duka lolote la stesheneri kutoka hapa hadi Kayanga. Pembeni, hali ya hewa inasema nyuzijoto 75, kwa kipimo cha Kimarekani. Mlinzi aliisoma, akavua koti.

Basi nikakaa kwenye kiti mwenyewe. Tanzania niliikuta imebanwa kati ya Tajikistan na Thailand, nikaichagua, tarehe mpya zikatulia. Kwenye lugha ndipo nilipokasirika rasmi. Kiswahili kipo, cha Tanzania, cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Tangu 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, hakuna wa kusema lugha hii haiwezi kazi za ofisi. Nikageuza menyu zote. Kesho yake karani akaja kulalamika kwamba haoni pa kuchapisha. Pameandikwa "Chapisha".

Ila nilipoendelea kushuka na orodha nikakuta Kimachame. Nikakuta Kivunjo. Nikakuta Kirombo. Kilimanjaro wameingia mara tatu! Wameru wamo, Wapare wamo, Wasambaa, Wabena, Wasangu, Warangi, Wamakonde, Wamasai. Ng'ambo ya mto Kagera, Kinyankole kipo na Kinyarwanda kipo. Kinyambo chetu nimekitafuta juu na chini, sikukiona. Kilichonipoza ni kimoja tu: Kihaya nacho sikukiona. Ndugu zetu wa Bukoba, pamoja na usomi wao wote wanaotutangazia, basi limewaacha kituo kimoja na sisi.

Ikabaki saa. Dar es Salaam haimo, Dodoma usiulize. Unachagua Nairobi, ambao angalau tunalingana nao saa. Nikachagua Nairobi huku nimefunga macho, nikadhani nimemaliza.

Sikumhesabu mwenyekiti. Yeye anakaa bondeni, karibu na mto Kagera, na simu yake imeachiwa ijipangie saa yenyewe. Ikishika mnara wa Rwanda inarudi nyuma saa nzima, kwa sababu wenzetu kule wanatumia saa yao. Kikao cha mapato na matumizi tuliitisha saa nne. Wanachama wakakaa kwenye mabenchi mpaka wakaanza kula karanga za kikao. Saa tano kamili mwenyekiti akatokea, ametulia, akanyanyua simu juu kila mtu aone: saa nne barabara, hajachelewa hata dakika. Nikamwomba, kwa heshima, azime huko kujipanga kwenyewe. Akasema atamngoja fundi. Na mweka hazina, ambaye ndiye aliyetakiwa kusoma hesabu siku hiyo, nasikia anaulizia kiwanja bondeni.