Sifa za Nukta Mkato

Kwenye kibodi ya kawaida ya Kiingereza, kidole kidogo cha mkono wa kulia hutua juu ya nukta mkato. E na T, herufi zinazochapa kazi kutwa, zimepandishwa safu ya juu ambako kidole lazima kinyooke kuzifikia. Bibie huyu kapewa kiti cha kukaa. Anastahili.

Alichapwa kwanza Venice mwishoni mwa karne ya 15, katika karakana ya Aldus Manutius, akiwa alama ya kupumulia tu. Cheo kilimjia lugha ya programu ya ALGOL ilipomkabidhi kazi ya kutenganisha amri na amri. Pascal ya Niklaus Wirth, mwaka 1970, ikamwongezea ukali: ukimweka kabla ya neno else, programu haipiti. Dennis Ritchie alipounda C akampa kazi ya kuifunga amri. Mwaka 1975 watafiti Gannon na Horning walionyesha kwamba watu hukosea zaidi anapotenganisha kuliko anapofunga. Wivu tu.

Kisichosemwa ni ukarimu wake. Mwanafunzi wa C akimsahau mwishoni mwa mstari wa 12, kompaila nyingi za zamani zilikuwa zikishika mstari wa 13, usio na kosa lolote. Mwanafunzi anaukagua, anaufuta, anauandika upya. Hajawahi kusoma kitu kwa makini namna hiyo. Na akimzidisha je? Aandike if (deni > 0); na chini yake amri ya kutuma onyo. C inakubali, maana nukta mkato peke yake ni amri kamili: amri ya kutofanya chochote. Sharti linaishia hapo, na onyo linamwendea kila mteja, hata aliyelipa jana. Usawa ulioje!

Wapo waliojaribu kumwachisha kazi. JavaScript humpachika yenyewe anapokosekana, ndiyo maana return ikiachwa peke yake kwenye mstari, thamani iliyo chini yake haimfikii mtu. Go nayo humwingiza kimyakimya. Shusha bano la kufungulia mstari wa pili uone. Sebuleni haonekani, jikoni yumo.

Halafu ana pacha. Alama ya kuuliza ya Kigiriki ina sura hiyohiyo, ila kwa kompyuta ni herufi nyingine, U+037E. Mtu akienda kuchukua chai, mtani wake anabadilisha moja tu. Akirudi, kompaila inalalamikia alama isiyoijua, naye anaiona nukta mkato iko palepale pake. Anainamia skrini. Chai inapoa.