Hotuba ya Bingwa wa Forodhani

Waheshimiwa vijana wa kutembeza wageni, nawe muuza urojo unayenigongea kijiko, tulieni. Anayesimama mbele yenu ni bingwa wa Kihispania. Cheti sina, maana sijamwona wa kunitahini.

Somo la leo: kumuuliza mtu yuko na nani. Sisi husema "unakuja na nani?", huyo nani tukampakia mwisho kama abiria wa mlangoni. Mhispania humtanguliza: ¿con quién vienes? Con na quién ni chanda na pete, msithubutu kuwatenganisha. Wakiwa wengi ni con quiénes, yaani na akina nani. Ile alama ya kuuliza iliyosimama kichwa chini miguu juu iliwekwa na Akademia yao ya lugha mwaka 1754. Sikuwapo, ndiyo maana hawakunitaka ushauri.

Sasa shikeni viti. "Nami" kwao ni conmigo. Warumi walisema mecum, na ile cum ndiyo "na" iliyobandikwa nyuma. Karne zikapita, cum ikachakaa ikawa go, watu wakasahau kwamba ni "na", wakapachika con nyingine mbele. Kwa hiyo asemaye conmigo anasema "na-mimi-na"! Kutoka Madrid hadi Malabo, na hakuna anayeona haya. Kisha wakachoka: contigo wanayo, lakini wakifika kwenye "nasi" wanaachanisha, con nosotros. Sisi tuna nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao, hata jasho halijatutoka.

Mwenzi wao ni compañero, na ndani yake mna mkate: mtu unayekula naye mkate mmoja. (Urojo haumo. Pole, ndugu yangu.)

Ushahidi wa ubingwa wangu? Juzi nilimkabili bibi mmoja wa Kihispania, nimuulize anasafiri na nani, viajas. Ulimi ukateleza, likatoka duermes: analala na nani. Akanipima toka kandambili hadi kofia, akajibu: "Con nadie. Y contigo, menos." Silali na yeyote, nawe ndiyo kabisa.

Wenye husuda wanasema nilitukanwa. Hawana masikio! Ile contigo ilitoka safi, si con tú mnayoibwabwaja ninyi. Na nani aliyemtoa neno lile kinywani? Ada ni shilingi elfu mbili. Wa urojo atalipa kwa bakuli.