Ati Nati Zilikazwa Kusini

Sogea kidogo hapo kwa benchi, jirani. Leo nimekuja kwa miguu. Gari iko, lakini ni kama haiko. Imelala nyumbani Ruring'u, mlango wa nyuma wa kushoto umefungwa kwa kamba ya mkonge. Ile kamba ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe amekasirika, sasa anazurura kwa nepia ya jirani. Watu wakiona ile kamba wananiuliza kama nimeanza kubeba viazi. Nawaambia ndiyo. Ni afadhali kuliko kueleza.

Lakini wewe nitakueleza, kwa sababu turungi yako bado ina moto na huna pa kukimbilia.

Mambo yalianza na ruracio, yaani mahari. Mpwa wa mke wangu, mama Wangari, amepata msichana Nanyuki, na ukoo ukatakiwa kupeleka mwati na harika. Usihofu, mbuzi siku hizi husafiri kwa bahasha. Wa kubebwa walikuwa watu. Mimi, mama Wangari, Wangari mwenyewe, na mama mkwe. Kutoka Nyeri hadi Nanyuki ni kama kilomita 60 hivi. Probox yangu hapo haitoi hata jasho. Nasema yangu, lakini logibuku ina jina la mama Wangari. Mimi nina ufunguo na lawama.

Probox unaijua. Ya kwanza ilitoka Japani 2002, mwaka uleule mzee wetu wa Othaya, Kibaki, alichaguliwa kwenda Ikulu. Yeye alistaafu 2013. Probox haijui kustaafu. Shida ilikuwa tairi mbili za nyuma. Zilikuwa na kipara kuliko mimi, na mimi kipara nilianza nikiwa bado nalipia fanicha ya harusi.

Basi Jumamosi nikashuka mjini kwa watu wa tairi. Mahali penyewe sitapataja. Kuna rundo la tairi, kompresa inayokohoa, na maandishi ya chokaa ukutani: MAGARI HUACHWA KWA HATARI YA MWENYEWE. Niliyasoma vizuri. Nilidhani wanaongea juu ya wezi.

Vijana walikuwa watatu. "Bosi, karibu!" Nikajisikia bosi. Nikashuka polepole, mikono mfukoni, kama mtu mwenye magari mengine nyumbani. Nikasema nataka mbili mpya, zikae mbele, za mbele zirudi nyuma, hizi za kipara watupe. Hayo maneno nilifundishwa na mama Wangari asubuhi. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima.

Akaniletea tairi zenye vinyweleo. Unajua vile vinyweleo vya mpira, kama ndevu za kijana wa fomu tuu? Kwangu mimi tairi yenye vinyweleo ni mpya. Sayansi yangu inaishia hapo. Nikavipapasa. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyesomea tairi pale Dedan Kimathi. Kando nikaona namba nne zimeandikwa, 1115. Nikauliza hiyo ni nini.

"Bei ya kiwandani, bosi. Siku hizi imepanda."

Nikatikisa kichwa tena. Kweli kila kitu kimepanda.

Nikaomba wapunguze mia mbili. Hapo ndipo uongozi wangu uliishia. Kutoka hapo nikawa "mzee".

Wa kwanza akaleta jeki, ile kubwa ya magurudumu. Sasa wewe ungeiweka wapi? Mimi sijui, ndiyo maana nakuuliza. Baadaye nilionyeshwa: chini ya ukingo wa bodi, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya lile la nyuma, kuna alama mbili za kukatwa. Jeki hukaa katikati ya hizo alama, kwa sababu hapo bati limeongezwa nguvu. Lakini ukifuata alama unainua pembe moja moja, na kijana alikuwa na haraka. Akaisukuma katikati kabisa ya ubavu, ili ainue magurudumu mawili kwa mkupuo mmoja. Akapiga mpini. Gari ikapanda. Halafu nikasikia *krrak*, kama mtu amekanyaga kopo la Kimbo.

Nikamwangalia. Akaniangalia. "Imekaa sasa," akasema.

Nikatikisa kichwa.

Wa pili ndiye alikuwa wa nati. Mkono mmoja bunduki ya hewa, mkono mwingine simu. Kwa simu kulikuwa na mkeka wa kubeti, timu sita, na mkeka wenyewe ulikuwa umebakisha timu moja tu. Probox ina nati nne kila gurudumu, jumla 16. Nati huanzwa kwa vidole, jirani. Unaizungusha taratibu mpaka uone imeshika thredi yake, ndipo chuma kifuate. Huyu aliibandika pale kwa bolti ya gurudumu ikiwa imelala upande, akafyatua, *trrrrrr!* Ikalia kama mbuzi aliyesikia habari za bahasha. Ikakataa kuingia. Akaitupa. Zingine za gurudumu hilo la mbele kushoto akazishika kwa vidole tu, akasema atazirudia. Wakati huohuo kule Ulaya mtu akafunga bao dakika ya 90. Mkeka ukachanika. Kijana akakaa chini juu ya tairi yangu ya kipara, akashika kichwa. Nilimwonea huruma. Kwa kweli nilimpa pole. Mambo ya kurudia nati yakaenda na mkeka.

Wa tatu akajaza upepo. Kipimo hakuwa nacho. Alikuwa na kiatu. Akapiga tairi teke, akasikiliza, akaongeza, akapiga tena. "Iko sawa, mzee."

Nikalipa kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu ambaye mwenyewe hakuwepo. Risiti? Akaniuliza risiti ya nini, kwani meseji haijaingia? Nikaona ana akili. Nilikuja na vifuniko vinne vya rimu, nikaondoka na vitatu.

Jumapili asubuhi mama mkwe akaketi nyuma kushoto na kiondo chake. Nikafunga mlango. Ukafunguka. Nikafunga kwa nguvu. Ukasema *pang* na kurudi kunitazama. Ule ukingo ulikuwa umekunjwa kwa chini na mlango haukuwa tena na pa kukaa.

"Baba Wangari," mama mkwe akasema kwa ile sauti yake ya chini, "huu mlango unapumua."

"Ushikilie kidogo tu, Mama."

Jirani, mimi huyu mama humsalimia nikiwa nimevua kofia. Tangu nioe binti yake sijawahi kumwomba hata anipitishie chumvi. Na sasa nimempa kazi ya utingo. Alishika mlango kwa mikono miwili kutoka Ruring'u, Kiganjo, Chaka. Kila tuta alisema "Ngai". Tairi zilikuwa zimejazwa upepo mpaka zikawa mawe, kwa hivyo hata jiwe dogo lilikuwa tuta. Na siku hiyo Mlima Kenya ulikuwa wazi, hakuna wingu, theluji inang'aa. Watoto wa watu walikuwa wanasimama kando ya barabara waupige picha. Lakini ukienda Nanyuki mlima uko kulia. Mama alikuwa kushoto, shingo imekazwa kwa mlango. Alitazama Nyandarua njia nzima.

Tulipopita Naro Moru stelingi ikaanza kutetemeka, kama nimeshika mkono wa mwanasiasa wiki ya mwisho ya kampeni. Halafu *tak, tak, tak*. Nikaongeza sauti ya redio. Hiyo ndiyo njia yangu ya kutengeneza gari.

"Simamisha," mama Wangari akasema.

Tukasimama pale kwa bango la ikweta, kabla ya kuingia Nanyuki. Unawajua wale vijana wa beseni? Beseni lina tundu chini, wanamwaga maji, wanaweka njiti ya kiberiti juu. Upande huu wa mstari njiti inazunguka hivi, wanatembea hatua chache upande ule, inazunguka vile. Wazungu wanapiga makofi, wanatoa pesa. Mimi nilisahau gari kabisa. Nikasimama hapo mdomo wazi, na mtu wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi.

Nikasikia naitwa. Mama Wangari alikuwa amechutama kando ya gurudumu, na gauni lake la ruracio. Ameshika nati. Aliitoa kwa vidole viwili, hivi, kama kifuniko cha soda. "Hii ya pili pia inatoka kwa vidole. Na ya nne haipo. Baba Wangari, ulikuwa umesimama wapi wakipachika?"

Nilikuwa nimesimama hapohapo, jirani. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Akatoa spana kwa buti, akakaza, moja, halafu ile ya kuikabili, halafu zote tena. Mimi nilishika mkoba wake. Mama mkwe alishika mlango. Wangari alishika simu, akatupiga picha sisi sote. Ile picha ilifika kwa kikundi cha ukoo kabla sisi hatujafika kwa wenyeji.

Jumatatu nikarudi kwa wale vijana. Nilienda nimekasirika. Nilikuwa na hotuba. Nikafungua mlango ukaanguka kidogo, ili waone. Nikataja nati. Nikataja mama mkwe.

"Guka," wa pili akasema. Sasa nilikuwa guka, yaani babu. "Kwani ulienda wapi?"

"Nanyuki."

"Ulivuka ikweta?"

"Nilivuka."

Wakaangaliana wote watatu, kama madaktari waliopata ugonjwa. "Hapo ndipo shida, guka. Sisi nati tulikaza huku kusini. Ukivuka kule, zinazunguka upande mwingine. Lazima zilegee."

Hotuba yangu ikaisha. Ningesema nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona njiti kwa macho yangu mawili. Nikatikisa kichwa. Wakasema kukaza za pande zote mbili ni mia tatu. Nikalipa. Mwenyewe mahali? Ameenda Karatina. Mlango? Huo uliingia ukiwa hivyo, guka, soma ukutani.

Nikarudi nyumbani na elimu mpya, nikawaeleza wakati wa chakula. Nikachora hata duara kwa uji. Wangari akaacha kula. Yuko sekondari, na fizikia anaipenda kuliko mimi.

"Baba, ni kweli Dunia ikizunguka hupindisha upepo. Ndiyo maana tufani kubwa huzunguka tofauti kaskazini na kusini. Lakini tufani ni kilomita mia na mia. Beseni ni dogo sana. Maji ya pale yanafuata mkono wa aliyeyamwaga."

"Na nati?"

"Nati inafuata aliyeikaza, Baba."

Mama Wangari hakusema kitu. Hiyo huwa mbaya zaidi. Alichukua tochi akanipeleka nje. Zile namba 1115, akasema, si bei. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 11 ya 2015. Zile tairi zangu mpya zenye ndevu zilikuwa zimekaa stoo miaka, zinazeeka na vinyweleo vyao. Akafungua mlango wa dereva, kwa nguzo kuna karatasi ya Kijapani. Miaka yote nilidhani ni maombi. Kumbe ni kipimo cha upepo: yetu inasema 230, hiyo ni kPa, gawanya kwa 6.9 upate psi kama 33. Na nati za Toyota kama hii hukazwa nyutoni-mita 103, kuna spana maalum inayolia *tik* ikifika hapo, halafu unazirudia ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Aliyajua wapi? "Nilisoma kitabu cha gari," akasema. Kiko kwa dashibodi. Mimi huwekea hapo karanga.

Yeye anataka twende kortini. Ni mweka hazina wa chama, mtu wa karatasi. Anasema kuna Korti ya Madai Madogo, sheria ya 2016, inasikiza mpaka shilingi milioni moja, unaweza kujisemea bila wakili, na kesi inatakiwa iishe kwa siku 60. Tena anasema sheria ya kulinda wanunuzi ya 2012 haijali sana mtu ameandika nini kwa ukuta na chokaa. Ushahidi tunao: ile meseji ya M-Pesa ya Jumamosi, siku ile ile, kiasi kile kile.

Yote ni kweli, jirani. Nimekataa kwenda. Kwa sababu ukifungua simu yangu, chini ya meseji ya Jumamosi kuna nyingine ya Jumatatu, ya mia tatu, kwa namba ileile. Mwamuzi ataiona. Atavua miwani, ataniuliza mbele ya watu wote wa Nyeri: na hii ilikuwa ya nini?

Fundi wa bodi amesema kunyoosha ule ukingo ni elfu nane. Mama Wangari amesema zitoke mfukoni mwangu. Nimetikisa kichwa.

Wewe ukienda kuweka tairi, simama karibu, soma zile namba nne, angalia jeki inaingia wapi, na nati ianzwe kwa vidole. Kabla ya kulipa, zihesabu. Ukiambiwa kitu hujakielewa, tafadhali shingo yako iwe ngumu kuliko yangu.

Na hii turungi yangu ulipe wewe. Mia tatu yangu iko ikweta.