Mhadhara wa Profesa wa Ekzosi

Ndugu wanakijiwe, kaeni chini. Wewe wa kahawa, acha kugonganisha vikombe, hapa inatolewa elimu. Chuo sikusoma; hasara ni ya chuo. Miaka 11 nimelala chini ya magari Gerezani, na ninayoyajua kuhusu ekzosi hata Wajapani walioiunda hii IST yangu hawayajui. Wangeyajua wasingeifunga kibomba chembamba kama mrija wa soda.

Injini ni pafu. Ikivuta pumzi lazima iitoe, na sailensa ni kiganja kilichoziba mdomo. Nikaing'oa. Nikang'oa na masega, yale yenye platinamu ndani, ambayo kazi yake ni kuusafisha moshi utadhani unakwenda harusini. Kisha nikachomelea bomba la inchi 3, moja kwa moja mpaka nyuma. Sasa nikiwasha alfajiri, mtaa mzima unajua Profesa ameamka. Jirani ana kichanga, nacho kinajua.

Kuna fundi mmoja mzee, husuda imemjaa. Anasema moshi hautoki mfululizo kama maji ya mtaro, unatoka kwa mapigo, na kila pigo likikimbia huacha nyuma yake mvuto unaosaidia silinda inayofuata kutoa moshi wake. Eti kwa injini ya cc 1,298 isiyo na tabo, bomba likizidi upana moshi unazubaa njiani, mvuto unapotea, na gari linakuwa zito pale unapoondoka. Eti bomba pana waachiwe wenye tabo, maana feni ya tabo ndiyo inayotaka njia nyeupe mbele yake. Nikamuuliza swali moja tu la kitaalamu: mzee, gari lako linasikika kutoka wapi? Kimya.

Kesho yake akaja na habari za Subaru. Ule mngurumo wa Impreza za zamani, anadai, si nguvu, ni urefu: mabomba yanayotoka kwenye injini hayakulingana, kwa hiyo mapigo yakawa yanachechemea, dugu-dugu, dugu-dugu. Legacy mpya ya mwaka 2003 ikaja na mabomba yaliyolingana. Mngurumo ukafa, mwendo ukabaki. Sasa jamani, mngurumo ukifa, huo mwendo unabaki kumfurahisha nani?

Taa ya injini, ndiyo, imewaka tangu siku nilipotoa masega. Sensa ya oksijeni inalalamika. Nimeifunika taa kwa stika ya Mungu Nisaidie na tatizo limekwisha.

Na wewe unayecheka pale nyuma, najua unachocheka. Ni kweli, juzi kwenye kupanda Pugu nilipitwa na bajaji. Ilikuwa na abiria watatu na gunia la mkaa. Lakini waulize waliokuwa barabarani: walimgeukia nani?

Haya, maswali. Pazeni sauti, sikio la kushoto siku hizi linavuma tu.