Kitabu Kilichohamia Dar

Toyota IST toleo la pili, lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 2007, halikuundwa kwa ajili ya soko la Tanzania. Moja liliuzwa kwa Mjapani, likatumika miaka kadhaa, likapelekwa mnadani, likapakiwa melini mpaka bandari ya Dar es Salaam. Ndani ya kisanduku cha dashibodi likaja na kitabu chake cha maelekezo, Kijapani kitupu. Mwenye gari wa sasa alikifungua, akakitazama kama mtu anayetazama ukuta, akakifunga. Kisha akatafuta cha Kiingereza intaneti, akakipakua, akakichapisha steshenari kwa gharama isiyo ndogo. Vitabu viwili sasa vinabanana kisanduku kimoja, na Redio, aliyekuja kwa meli ile ile, hana budi kusikiliza.

MGENI: Shikamoo, mzee. Naomba usogee kidogo. Amepatikana anayesomeka.

KITABU: Marahaba, mwanangu. Kusomeka unasomeka, sibishi. Hebu nifungulie ukurasa wa kuwasha gari.

MGENI: Huu hapa. Kanyaga klachi mpaka mwisho, hakikisha gia iko huru...

KITABU: Redio, gari hili lina pedali ngapi?

REDIO: Mbili, mzee. Ya tatu sijawahi kuisikia.

KITABU: Wala hutaisikia. Mwanangu, wewe ni kitabu cha Urban Cruiser, gari lililouzwa Ulaya kuanzia 2009. Bodi ni ya ndugu yetu, ndiyo maana aliyekupakua aliona picha akaridhika. Lakini Wazungu walipewa gia za mkono, na injini ya petroli ya lita 1.33 au ya dizeli ya lita 1.4. Hili letu lina petroli ya lita 1.5 na gia za CVT. Angevuka bahari akachukua kitabu cha Marekani, angekutana na Scion xD: injini ya lita 1.8, usukani kushoto, gia za mkono au otomatiki ya kawaida yenye hatua nne. Nyote wawili mnazungumza Kiingereza kizuri, na hakuna kati yenu anayeijua CVT. Sasa humo ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta yake lazima yalainishe bila kuuacha mkanda uteleze. Ukimimina mafuta ya otomatiki ya kawaida, gari litatembea leo na kesho, halafu gia itaanza kusita, na bei ya gia nyingine itamfanya mwenye gari akumbuke ukurasa aliousoma kwa kujiamini. Kosa lako si dogo kwa sababu linasomeka. Mtu asiyeelewa kitu huuliza. Aliyeelewa visivyo haulizi.

MGENI: Mzee, unakuza mambo. Mafuta ya gia ni kazi ya fundi, na mafundi wa hapa hawajawahi kumngoja mtu awasomee.

KITABU: Fundi namheshimu. Ameyaweka hai magari ambayo kwetu yangesagwa chuma chakavu. Lakini tuulize ujuzi wake unatoka wapi. Unatoka kwenye magari yaliyokwisha kuharibika, na kila somo limelipiwa na mwenye gari mmoja. Tena fundi anatumia kilichopo dukani, na kilichojaa dukani ni 20W-50, oili nzito ya injini za zamani. Injini kama hii inataka nyepesi, 0W-20 au 5W-30. Akiulizwa anajibu kwamba nchi yetu ina joto, oili nyepesi itakuwa maji. Jibu lina mantiki, ila Okinawa nako kuna joto, na walioandika kurasa zangu walilijua hilo. Wala sisemi fundi ni mjinga. Nasema hakuna aliyempa karatasi.

MGENI: Karatasi gani? Yako? Nani atakusoma wewe?

KITABU: Zaidi ya unavyodhani. Fungua jedwali langu la oili: 0W-20 imeandikwa 0W-20. Tarakimu ni zile zile, michoro ni ya gari hili hili, sanduku la fyuzi limechorwa mahali lilipo. Mtu akinielekezea kamera ya simu, tafsiri itakuja ya kuchekesha, lakini itakuwa tafsiri ya ukweli. Afadhali Kiswahili kilichovunjika kuhusu gari lako kuliko Kiingereza safi kuhusu gari la jirani wa Uingereza.

REDIO: Niingilie hapo. Mimi nilizaliwa kusikia masafa ya 76 mpaka 90, basi. Stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo. Wakanifungia kifaa cha kuongeza masafa kwenye waya wa antena, nikazipata, ila namba ninayoonyesha na namba ya stesheni hazikutani tena. Nasema kwa sauti safi kabisa kitu kisicho kweli. Karibu chamani, Mgeni.

MGENI: Sawa, nimekosea gari. Angetafutwa mwingine aliye sahihi. New Zealand nao wanaagiza mitumba ya Japani, na wapo waliotafsiri vitabu vyenu kwa Kiingereza wakaviuza.

KITABU: Hilo ndilo neno la maana ulilosema leo, na linanisaidia mimi. Kule walikaa wakatafsiri kitabu cha gari walilonalo kwa lugha ya wanaoliendesha. Omani na Emirati, gari jipya linakuja na maelekezo ya Kiarabu pembeni ya Kiingereza. Kwa hiyo jambo linawezekana. Hapa nani anaendesha? IST nyingi za Dar ni teksi. Mwenyewe yuko ofisini na Kiingereza chake. Dereva ndiye anayepeleka hesabu, ndiye anayeongeza maji, ndiye anayeona taa. Magari mengi madogo ya kwetu hayana mshale wa joto: kuna taa ya buluu injini ikiwa bado baridi, na nyekundu ikizidi moto. Dereva asiyeambiwa hivyo ataisubiri sindano ambayo haipo. Kibandiko cha mlangoni nacho kinataja upepo wa tairi kwa kilopaskali, na kijana wa upepo anauliza PSI. Mtu amwambie tu kwamba 230 ni kama 33.

MGENI: Kwa Kiswahili? Mambo ya ufundi?

KITABU: Tanzania imefanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama tangu 2021. Kama hukumu inaandikika, oili itashindikanaje? Na usidhani nadai kurasa mia nne. Nusu yangu ni maonyo ya mawakili, na nyingine inaeleza ramani ya Japani iliyomo kwenye skrini. Ukurasa mmoja, pande mbili, unatosha: oili, mafuta ya gia, maji ya rejeta, upepo, taa, fyuzi.

MGENI: Nani aulipie? Toyota hawakuliuza hapa. Mjapani wa kwanza amelisahau.

KITABU: Kweli, hao hawadaiwi. Anadaiwa aliyeliagiza na kuliuza, mwenye yadi. Faida imepita mkononi mwake, na gari za aina hii ameuza nyingi, kwa hiyo karatasi moja ingewatosha wateja wengi.

MGENI: Atasema uchapaji ni ghali.

KITABU: Kila Desemba anachapa kalenda.

MGENI: Kalenda ina picha ya Land Cruiser, mzee. Watu wanaitundika.

KITABU: Basi nyuma ya Land Cruiser aandike oili.