Busati la Wafungwa

Ukuta wa nyumba ya kale ya Kuze, Mombasa, wa matumbawe na chokaa, haukatai msumari. Huupokea mchana mbele ya fundi, ukautema usiku fundi keshalipwa. Ndivyo busati langu, pambo nililolitundika ukutani, lilivyomwangukia ami aliyekuwa amelala kochini. Aliamka akipiga shahada, akidhani dari na boriti zake zote zimeshuka.

Ni busati la Kihindi la pamba, kuukuu, la buluu na mistari myeupe. Halina manyoya. Limefumwa bapa, pande zote mbili sawasawa. Upande mmoja ukichafuka unaligeuza, maisha yanaendelea. Bibi alilikuta kwa wazazi wake, na kwa kuwa enzi hizo majahazi ya Kachi yakisukumwa na kaskazi hadi Bandari ya Kale, hakuna aliyeuliza limetoka wapi.

Hakuna, hadi alipokuja rafiki yangu mpenda vitu vya kale. Alilipapasa, akamwaga ilimu mbele ya shangazi: zama za Mwingereza, mabusati mengi ya namna hii yalifumwa na wafungwa katika jela za Uhindini, Agra, Bikaner, Yerawada.

Shangazi akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Walifungwa kwa kosa gani?"

"Makosa mbalimbali, mama."

"Kama ni wezi, nitalikalia. Kama ni wauaji, silisalii."

Kesi ikasikilizwa barazani kwa siku kadhaa. Hatimaye mwalimu wa madrasa, jirani yetu, akasema pamba haina dhambi, na hapo ndipo pambo langu lilipokwisha. Busati liliajiriwa: nikahi, hitima, maulidi. Mtoto hupiga hodi, "Mama asema mtupe lile la wafungwa," nalo huondoka begani mwake likiburura shada chini. Hurudi na punje za biriani kwenye mikunjo. Safari moja lilirudi na tundu, duara safi kabisa, la kaa la udi lililodondoka kutoka kwenye chetezo. Mwenye chetezo alinitazama machoni, akaniambia tundu hilo lilikuwapo tangu jela.

Sebuleni kwangu imebaki misumari mitupu, nayo inaning'inia. Basi nawe ukialikwa shughuli Mji wa Kale, ukajikuta umeketi juu ya buluu yenye mistari, tafadhali kula kwa adabu, kisha likunje uniletee. Wiki hii sijui liko nyumba gani.